KAMBA HUKATIKIA PABOVU: KUIMARISHA GIABOKSI OTOMATIKI ZA MAGARI YA NGUVU KUBWA

(Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mali ya chama cha ushirika ni ya aina mbili. Iko ile inayokaa mahali pamoja, kama ghala, mizani na ofisi. Na iko ile inayotembea, yaani gari. Mali inayokaa huharibika polepole, na kila apitaye huiona. Mali inayotembea huweza kuharibika kwa dakika chache, mlimani, mbali na macho ya bodi, na habari yake hufika mezani ikiwa imekwisha kuwa deni. Ndiyo sababu mazungumzo haya yamewekwa juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni jinsi giaboksi otomatiki inavyoimarishwa ili iweze kuchukua nguvu ya injini kubwa, au ya injini iliyoongezwa nguvu.

Magari mengi yaliyotumika huingia Tanzania na Kenya kutoka Japani, na mengi kati yake ni ya otomatiki. Chama kinachotafuta pikapu ya kusambazia pembejeo na kukusanyia mazao hakiwezi tena kulikwepa swali hili. Tena, gari likishindwa kupanda mlima na mzigo wake, hapakosi mtu wa kushauri kwamba pampu ya dizeli ifunguliwe kidogo, au kompyuta ya injini ibadilishwe maagizo, na gari litapata nguvu mpya siku hiyohiyo. Ushauri huo si wa uongo. Injini hupata nguvu kweli. Lisilosemwa ni nani atakayeipokea nguvu hiyo.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, bodi ya chama kimoja iliyoletewa makisio ya kazi hiyo wiki tatu kabla ya msimu wa ununuzi. Makisio ni madogo, dereva anasifu, na wajumbe wana haraka. Katibu ndiye atakayeandika hati ya malipo. Anapaswa kuuliza nini kabla hajashika kalamu? Mwisho wa mazungumzo haya utarejea kwa bodi hiyo. Kwanza yafaa kifahamike chombo chenyewe.

GIABOKSI OTOMATIKI NI NINI

Katika gari la kawaida dereva hukanyaga klachi, huitenganisha injini na gia, huchagua gia, kisha huachia. Katika gari la otomatiki kazi hizo zote hufanywa na mafuta yenye shinikizo. Vyombo vikuu ni vinne.

Cha kwanza ni konveta, chombo cha mviringo kilichofungwa nyuma ya injini na kujaa mafuta. Ndani yake mna magurudumu yenye mapanga. Gurudumu moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta. La pili hupigwa na mafuta hayo na kuizungusha shafti ya kuingilia giaboksi. La tatu, lililo katikati, huyageuza mafuta yanayorudi ili yasaidie badala ya kupinga. Kwa msaada wa gurudumu hilo la kati, gari linapoanza kuondoka konveta huweza kuizidisha nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili. Konveta nyingi za miaka ya karibuni zina pia klachi ndogo ya kufungia, ambayo gari likishapata mwendo huyaunganisha magurudumu hayo yazunguke kama kitu kimoja.

Cha pili ni gia za sayari, zilizoitwa hivyo kwa sababu gia ndogo huizunguka gia ya kati kama sayari zinavyolizunguka jua. Gia hizo hukaa zikiwa zimeshikana wakati wote. Kasi hubadilika kwa kuizuia sehemu moja na kuiachia nyingine.

Cha tatu ni klachi na bendi, ndizo zinazozuia na kuachia. Klachi moja ni rundo la sahani: moja ya feleji tupu, moja yenye ngozi ya msuguano, kisha tena ya feleji, na kuendelea. Pistoni inayosukumwa na mafuta hulibana rundo lote. Bendi ni ukanda wa chuma unaolikaba pipa linalozunguka mpaka lisimame.

Cha nne ni pampu pamoja na sanduku la valvu, ambazo hutoa shinikizo na kuamua mafuta yapelekwe wapi na lini. Tofauti na gari la klachi ya mguu, hapa hakuna kitu kinachoshikwa kwa nguvu ya springi peke yake. Shinikizo likipungua, sahani huteleza, zikiteleza, huungua.

NGUVU MBILI ZINAZOCHANGANYWA

Muuzaji wa gari hutaja nguvu za farasi. Hizo ni kipimo cha kazi inayofanywa kwa muda fulani. Lakini kinachopinda shafti na kutelezesha klachi ni nguvu ya kuzungusha, nayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Mzigo wa kilo 10 ukining'inizwa kwenye ncha ya spana ya mita 1 iliyolala, bolti hupata karibu nyutoni-mita 100. Injini mbili zaweza kuwa na nguvu za farasi sawa, moja ikizunguka mbio kwa nguvu ndogo ya kuzungusha, nyingine ikizunguka polepole kwa nguvu kubwa. Injini ya dizeli ni ya namna hii ya pili, na kwa giaboksi otomatiki huyo ndiye mgeni mzito.

Hesabu yake si ngumu. Injini ikitoa nyutoni-mita 542, konveta ikaizidisha mara mbili wakati wa kuondoka, shafti ya kuingilia hupokea 1,084. Gia ya kwanza ikiwa ya uwiano wa 2.45, shafti ya kutokea hupokea zaidi ya 2,600, msuguano usipohesabiwa. Hiyo ni sawa na kuning'iniza zaidi ya magunia mawili ya kilo 100 kwenye ncha ya ile spana ya mita 1. Kwa hiyo nyongeza ndogo kwenye pampu ya dizeli si nyongeza ndogo ndani ya giaboksi. Kila nyutoni-mita inayoongezwa mbele huzaa karibu tano nyuma.

FUNZO KUTOKA MAREKANI

Giaboksi otomatiki ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani. Kampuni ya General Motors iliitangaza Hydra-Matic mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika Vita Vikuu vya Pili giaboksi hiyo ilitiwa katika kifaru chepesi cha M5, kilichokuwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na giaboksi yake. Hivyo wasemao kwamba otomatiki ni ya magari ya starehe tu hukosea. Ikijengwa kwa kazi nzito, hufanya kazi nzito.

Neno la kuzingatiwa ni hilo la "ikijengwa". General Motors yenyewe baadaye iliziita giaboksi zake majina yanayopambanua uwezo. Katika 4L60-E na 4L80-E, tarakimu ya kwanza ni idadi ya gia, L ni alama kwamba imelala kwa urefu wa gari, 60 na 80 ni daraja la nguvu, na E ni alama ya umeme. Ile ya 80, iliyotoka mwaka 1991, ilizaliwa na Turbo-Hydramatic 400 ya mwaka 1964, iliyokwisha kujijengea sifa ya uimara. Kiwanda kilipohitaji kubeba nguvu zaidi hakikuilazimisha ile ndogo. Kilitumia kubwa.

Funzo lililo wazi zaidi ni la pikapu za Dodge zenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9. Pikapu hizo zilipotoka mwaka 1989 injini ilikuwa na nguvu za farasi 160 tu, lakini nguvu yake ya kuzungusha ilikuwa nyutoni-mita 542. Giaboksi otomatiki iliyowekwa ilikuwa ya ukoo wa TorqueFlite, ulioanza mwaka 1956 kwa ajili ya magari ya petroli. Ukoo huo ulikuwa imara na wenye sifa njema. Hata hivyo sasa uliwekwa nyuma ya mgeni wa namna nyingine.

Kiwanda kilijua. Kati ya mwaka 1996 na 1998 pikapu hiyo ilipouzwa na giaboksi ya mkono, injini ilipewa nguvu za farasi 215 na nyutoni-mita 597. Ilipouzwa na giaboksi otomatiki, injini ya aina ileile ilipewa nguvu za farasi 180 na nyutoni-mita 569. Wahandisi walimpunguzia mchukuzi mzigo. Ni ushahidi ambao kila bodi ingefaa kuukumbuka: wenye kiwanda, wenye vipimo na mitambo yote, hawakuona haya kupunguza nguvu ili giaboksi idumu.

Wenye magari wengi hawakuridhika. Pampu ya dizeli ya injini za miaka hiyo ilikuwa rahisi kufunguliwa, na kwa kazi ya muda mfupi gereji injini ilipata nguvu nyingi mno. Yaliyofuata yakawa kama ngazi ya kushukia shimoni. Kwanza klachi ya kufungia konveta iliteleza na kuungua. Mwenye gari akaweka konveta imara. Klachi za ndani zikateleza. Akaongeza shinikizo na sahani. Shafti ya kuingilia ikakatika. Kila alipoziba pabovu pamoja, pabovu pengine palijitokeza, na kila mara giaboksi ilishushwa na kulipiwa upya.

Kiwanda kiliendelea kwa utaratibu wake. Mwaka 2003 kilitoa giaboksi iliyoimarishwa iitwayo 48RE, na mwaka 2004 injini iliyokuwa mbele yake ilifikia nguvu za farasi 325 na nyutoni-mita 813. Kiwanda kilimwandaa mchukuzi kwanza, ndipo kikamtwika. Wenye magari walitwika kwanza, na ndiyo maana walilipa mara nyingi.

SEHEMU ZINAZOIMARISHWA

Mafundi wa Marekani, baada ya hasara hizo, waliufikia utaratibu unaofuatwa hata leo. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwa hiyo kamba yote hukaguliwa.

Konveta. Bamba la mbele la konveta ya kawaida ni jembamba, na likisukumwa na shinikizo kubwa huvimba, hata klachi ya kufungia isishike sawasawa. Bamba hilo hubadilishwa kwa jingine nene lililokerezwa kutoka kipande kizima cha feleji, na klachi ya kufungia yenye sahani moja hubadilishwa kwa ya sahani mbili au tatu. Kwa injini ya dizeli huchaguliwa konveta inayoshika mapema, kwa kuwa nguvu ya dizeli hupatikana katika mizunguko ya chini.

Shinikizo la mafuta. Springi na valvu za sanduku hubadilishwa ili mafuta yabane kwa nguvu zaidi na gia iingie upesi, pasiwe na muda mrefu wa kuteleza. Lakini shinikizo lina gharama yake. Likizidi, gia huingia kwa kishindo, sili hupasuka, na pampu yenyewe huila nguvu ya injini. Katika giaboksi za zamani za ukoo huo wa TorqueFlite, kuna waya au fimbo inayotoka kwenye kanyagio la mafuta na kuiambia giaboksi injini inafanya kazi kiasi gani. Waya huo ukilegea, shinikizo hubaki dogo hali injini inavuta kwa nguvu zote, na sahani huungua bila ya kosa la dereva. Kuurekebisha ni kazi ya dakika chache. Ni jambo la kwanza la kutazamwa kabla ya kununua spea yoyote.

Klachi na bendi. Uwezo wa klachi hutokana na mambo manne: msuguano wa ngozi, upana wa sahani, nguvu inayobana, na idadi ya nyuso zinazogusana. Rundo lenye sahani 4 za msuguano lina nyuso 8. Likitiwa sahani 5 lina nyuso 10, na uwezo wake huongezeka kwa robo, hata kama shinikizo ni lilelile. Lakini nafasi ndani ya pipa ni ileile. Fundi asiye mwangalifu hutia sahani nyembamba za feleji ili zienee, na sahani nyembamba haziwezi kulimeza joto. Hivyo alichokipata kwa mkono mmoja hukipoteza kwa mwingine. Fundi mwema hukereza pistoni au bamba la kubania, akaziacha sahani na unene wake. Bendi nayo hupewa ngozi bora na mkono wa kuibana ulio imara zaidi.

Shafti na gia. Shafti za kawaida hubadilishwa kwa zile zilizokerezwa kutoka feleji za namna bora. Mojawapo ni ile iitwayo 300M, ambayo hutumika pia katika miguu ya kutulia ya ndege. Huu ndio upande wa gharama kubwa, na kwa gari la kazi ya kawaida mara nyingi hauhitajiki kabisa. Huhitajika pale nguvu ya injini imepandishwa mbali sana na ile ya kiwandani.

Nyuma ya giaboksi. Iko propela, iko difu, ziko ekseli, tairi na breki. Zote hupokea nguvu iliyoongezwa, na breki hupokea uzito na kasi iliyoongezwa. Gari lililoimarishwa ili lipande mlima na mzigo mkubwa zaidi litateremka mlima huohuo kwa breki zilezile. Tena sheria ya uzito wa gari haitazami kilichofanywa gereji. Huutazama uzito ulioandikwa.

JOTO NA MAFUTA

Adui mkubwa wa giaboksi otomatiki ni joto, kuliko hata uzito. Nguvu za farasi 180 ni karibu kilowati 134. Gari likipanda mlima mrefu na konveta ikipoteza sehemu moja tu kwa kumi, zaidi ya kilowati 13 hugeuka joto ndani ya mafuta, sawa na pasi 13 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa pamoja ndani ya chungu kimoja. Joto hilo lisipopelekwa nje, mafuta hupika.

Mafundi hukadiria kwamba mafuta ya giaboksi yakae karibu nyuzi 80 za sentigredi, na kwamba kila joto lipandapo nyuzi 11 juu ya hapo umri wa mafuta hupungua nusu. Makadirio hayo yakifuatwa, mafuta yaliyotarajiwa kudumu mwaka mzima huweza kuchakaa katika miezi mitatu kwa kupandishwa nyuzi 22 tu. Mafuta yakiungua huwa meusi na yenye harufu ya kitu kilichoteketea; sili hukauka na kuwa ngumu, shinikizo hupotea, sahani huteleza, na kuteleza huzaa joto jingine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuimarisha, na iliyo rahisi kuliko zote, ni rejeta ya pekee ya kupozea mafuta ya giaboksi, sampu yenye kina inayobeba mafuta mengi zaidi, na geji ya joto mbele ya macho ya dereva. Gari la kawaida linalobeba mzigo halali huweza kupata umri mrefu kwa vitu hivyo vitatu tu, bila kuguswa sahani wala shafti.

Kipimo cha mafuta nacho kina masharti. Magari mengi hupimwa mafuta injini ikinguruma na gia ikiwa katika P. Giaboksi za ukoo wa TorqueFlite zilizotajwa hupimwa gia ikiwa katika N, na breki ya mkono imevutwa, kwa sababu katika P mafuta hayazunguki sawasawa. Mafuta yenyewe ni ya aina mbalimbali, na kila kiwanda hutaja aina yake. Kuchanganya kwa sababu yote ni mekundu ni kosa. Kitabu cha gari ndicho mwalimu.

KAZI YA KATIBU

Sasa irejewe ile bodi ya mfano iliyoletewa makisio wiki tatu kabla ya msimu. Katibu hahitaji kuwa fundi. Anahitaji maswali, na majibu yaliyoandikwa.

Swali la kwanza: gari hili lina giaboksi ya aina gani? Si kila gari lisilo na kanyagio la klachi lina konveta. Baadhi ya malori madogo yana giaboksi ya kawaida ambayo kazi ya mguu na mkono hufanywa na vyombo vya umeme, na dawa yake ni nyingine kabisa. Namba ya giaboksi isomwe kwenye kibao chake na kuandikwa.

Swali la pili: giaboksi hiyo iliruhusiwa na kiwanda kupokea nguvu ya kuzungusha kiasi gani, na injini ikishaongezwa itatoa kiasi gani? Fundi akijibu kwa nguvu za farasi peke yake, hajajibu.

Swali la tatu: gari linashindwa mlima kwa nini? Huenda chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka, tabo inavuja, au mafuta ya giaboksi ni machache. Gari bovu likiongezwa nguvu hubaki bovu, nalo huharibika kwa kasi zaidi. Na huenda sababu ni uzito. Gari lililojengwa kubeba tani 1 likipakiwa tani 2 haliumwi, limeonewa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hivyo ndivyo apakiaye ghalani anavyouona mzigo ambao gari litauchukua.

Swali la nne: gharama ya kamba nzima ni kiasi gani? Makisio yasiyotaja konveta, shinikizo, upozaji na mafuta ni makisio ya nusu ya kazi. Nusu ya pili italetwa katikati ya msimu, wakati mazao ya wanachama yamelala barabarani, na wakati huo bodi haitakuwa na nafasi ya kukataa. Ni kwa njia hiyo chama huvuka makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na baadaye hukaribia ukomo wa madeni, bila mtu yeyote kuiba hata senti moja.

Swali la tano: je, safari mbili za gari lilivyo si nafuu kuliko safari moja ya gari lililolazimishwa? Hesabu hii ifanywe kwa karatasi, dizeli ya safari ya pili ikiwekwa upande mmoja, na upande wa pili ikiwekwa bei ya kuimarisha pamoja na siku ambazo gari litakaa gereji. Wakati mwingine kuimarisha kutashinda, hasa kwa gari lenye kazi nzito ya mwaka mzima. Mara nyingi safari mbili zitashinda.

Bodi ikikubali kuimarisha, na iagize kwa utaratibu wa kiwanda, si kwa utaratibu wa papara: upozaji na mafuta kwanza, kisha konveta na shinikizo, kisha klachi, shafti pale tu hesabu inapodai, na nguvu ya injini iwe ya mwisho kabisa, tena kwa kiasi ambacho giaboksi imeandaliwa. Spea za zamani zirudishwe chamani zionekane. Ankara itaje kila kitu kwa jina na idadi. Katika daftari la gari viandikwe tarehe, kilomita, aina ya mafuta na joto la juu lililoonekana mlimani. Dereva apewe maagizo mafupi: geji ikipanda, asimame mahali salama, aiweke gia katika N au P, aiache injini ingurume polepole mpaka mafuta yapoe. Asiizime mara moja, kwa maana injini ikizimwa pampu husimama, na mafuta hayapiti tena katika rejeta.

Na ile bodi ya mfano, yenye wiki tatu tu? Jibu lake ni jepesi kulitamka na gumu kulipitisha kikaoni: isiongeze nguvu msimu huu. Ibadilishe mafuta na chujio la giaboksi, irekebishe waya wa kanyagio kama upo, ifunge rejeta ya mafuta na geji, isafishe chujio la hewa, na ipakie uzito ulioandikwa. Baada ya msimu, ikiwa na daftari lenye kilomita na joto, italeta mbele ya mkutano mkuu makisio ya kazi nzima. Wanachama watapiga kura wakijua wanachokinunua.

Ndugu Makatibu, ndugu wanachama, gari la chama halina mwenye kulionea uchungu isipokuwa wote walionee uchungu. Mtu binafsi wa Marekani aliyeifungua pampu yake akaivunja giaboksi alilipa kwa mfuko wake mwenyewe. Chama kikifanya hivyo hulipa mkulima ambaye hakuwamo kikaoni, kwa kukatwa katika kila kilo aliyoileta mizanini. Nguvu si jambo baya, na ushirika wenyewe ni nguvu. Lakini kabla nguvu haijaongezwa na atazamwe atakayeibeba, na kamba ikaguliwe yote, tangu mwanzo hata mwisho.

Ushirika udumu.